Picha hadharani: una haki ya kupiga, lakini je, una haki ya kuitumia?

Lenzi35 (mleta uzi)

Wakuu, habari zenu.

Nianze na kilichonikuta. Nilikuwa kwenye njia ya waenda kwa miguu, mvua imekatika muda si mrefu, na madirisha ya jengo moja refu yalikuwa yanaonekana juu chini ndani ya dimbwi. Nikachuchumaa nikapiga picha kumi na moja. Mlinzi akatoka ndani, akashika mkanda wa kamera yangu na kusema, "Futa zote, hapa hairuhusiwi." Nikazifuta mbele yake, moja baada ya nyingine. Hakunipiga wala hakunitukana. Kilichoniuma ni kwamba sikujua kama alikuwa na haki ya kuniamuru au la, na kwa jinsi nilivyomtazama usoni, naye alikuwa hajui.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma kesi na sheria za nchi mbalimbali kila nikipata nafasi. Mimi si mwanasheria, napiga picha tu, kwa hiyo wanasheria mliomo humu nirekebisheni nitakapokosea. Lakini kuna jambo moja ambalo natamani ningelijua siku ile: kupiga picha ni tendo moja na kuitumia ni tendo jingine, na sheria huyapima kwa mizani tofauti. Ugomvi mwingi wa mtaani unatokana na kuyachanganya. Mwenye kamera anasema "hapa ni hadharani", na ni kweli, ila anaichukulia kauli hiyo kama ruhusa ya kuibandika picha popote. Anayepigwa anasema "hujaniomba", na hofu yake ni kule picha itakakokwenda, ila anaishia kutaka kamera isiinuliwe kabisa.

Mvutano huu ni wa zamani. Kamera ndogo ya Kodak iliingia sokoni mwaka 1888, na ghafla mtu asiye fundi akaweza kutembea na kamera mkononi na kumnasa mwenzake bila kumkalisha studio. Mwaka 1890 wanasheria wawili wa Boston, Samuel Warren na Louis Brandeis, wakachapisha makala katika jarida la sheria la Harvard wakitetea haki ya mtu kuachwa na maisha yake, na picha za papo kwa papo ni miongoni mwa mambo waliyoyalalamikia waziwazi.

Kisha ikaja kesi ya msichana wa New York ambaye sura yake ilichapishwa kwenye matangazo 25,000 ya unga wa ngano pasipo ridhaa yake. Mwaka 1902 mahakama ya juu kabisa ya jimbo hilo ilimkatalia, majaji wanne dhidi ya watatu, kwa hoja kwamba hakuna sheria inayomlinda. Watu walikasirika, na mwaka uliofuata bunge la jimbo likatunga sheria: jina au picha ya mtu aliye hai isitumike kwa tangazo wala biashara bila ridhaa yake ya maandishi. Sheria hiyo ipo mpaka leo. Angalieni ilichokataza. Haikukataza kamera, ilikataza tangazo.

Miaka mia moja baadaye sheria hiyohiyo ikapimwa upya. Mpiga picha Philip-Lorca diCorcia alifunga taa zake juu ya wapita njia kwenye Times Square, akasimama mbali na kunasa sura za watu wasiojua kama wanapigwa. Mmoja wao, mzee Myahudi mshika dini, akaja kugundua kwamba sura yake inaonyeshwa na kuuzwa kwenye jumba la sanaa. Alishtaki, akieleza kwamba imani yake inamkataza kutumiwa hivyo. Mwaka 2006 akashindwa. Mahakama ilisema hiyo ni sanaa, na sanaa haigeuki kuwa tangazo kwa sababu tu imeuzwa. Kisheria nimeielewa hukumu hiyo. Lakini kila nikiisoma namfikiria yule mzee.

Kwa nchi kama Marekani na Uingereza, kanuni ya msingi ni kwamba ukiwa umesimama mahali pa umma unaruhusiwa kupiga kile ambacho jicho la mpita njia yeyote linakiona. Wanaochanganya mambo ni wale wanaodhani "mahali penye watu wengi" ndiyo "mahali pa umma". Jengo la maduka lina watu maelfu lakini lina mwenyewe, vivyo hivyo stesheni nyingi, viwanja vya michezo na kumbi za muziki. Mwenye mali anaweza kuweka masharti yake: usipige picha, usitumie flashi, usisimamishe tripodi. Ukikaidi anaweza kukutoa, na ukikataa kutoka unakuwa mvamizi. Mamlaka ya mlinzi ni yale ya mwenye mali aliyemweka: kukuambia toka. Hayafiki kwenye kushika kamera yako, wala kuifungua, wala kukulazimisha ufute.

Halafu kuna suala la mahali miguu yako ilipo. Kupiga jengo la mtu binafsi kutoka barabarani ni tofauti na kulipiga ukiwa uani kwake. Mimi nilikuwa barabarani. Zile picha kumi na moja zilikuwa zangu.

Karibuni tujadili.

Mama_wa_Wawili

Ahsante kwa uzi, kaka. Umeeleza vizuri, ila umeeleza ukiwa nyuma ya kamera. Mimi niko upande wa pili.

Mwaka jana nilikuwa na wanangu kwenye bustani ya wazi. Mkubwa ana miaka sita. Kuna kijana alikuwa anawapiga picha watoto wakicheza na maji. Nilimfuata nikamwuliza kwa adabu, akanijibu, "Mama, hapa ni hadharani." Jibu lilikuwa hilo tu, na akaendelea kupiga. Baada ya wiki mbili rafiki yangu akanitumia picha ya mwanangu, nguo zimeloa, ikiwa kwenye ukurasa wenye wafuasi wengi. Chini yake watu nisiowajua wameandika wanavyotaka.

Kwa hiyo naomba nijibiwe moja kwa moja. Huyo kijana alikuwa na haki au hakuwa nayo? Na kama sheria inasema alikuwa nayo, mwanangu analindwa na nini?

Wakili_Mdogo

Dada, pole sana. Nitakujibu, ila kwanza nimrekebishe mleta uzi, kwa sababu jibu lako limo humohumo.

Mkuu Lenzi35, umesoma zaidi kesi za Marekani na Uingereza. Kuna familia nyingine ya sheria ambamo sura ya mtu ni yake tangu mwanzo. Ujerumani ilifika huko kupitia tukio baya. Bismarck, kansela wao wa zamani, alifariki Julai 1898, na usiku huohuo wapiga picha wawili waliingia kwa siri chumbani mwake Friedrichsruh wakampiga picha akiwa kitandani, maiti. Walihukumiwa, lakini ikaonekana kwamba sheria ya wakati huo ililishughulikia tendo la kuvamia nyumba kuliko picha yenyewe. Sheria ya mwaka 1907 ikaziba pengo: picha ya mtu isisambazwe wala kuonyeshwa hadharani bila ridhaa yake. Iliacha milango kadhaa wazi. Watu wa habari za zama zao ni mlango mmoja. Mikutano na maandamano ni mwingine. Na upo wa mtu ambaye ametokea pembeni tu katika picha ya mandhari, ambaye ukimwondoa picha inabaki ileile. Huo mlango wa tatu ndio kipimo kizuri kuliko vyote nilivyowahi kufundishwa. Jiulize kama huyo mtu ndiye picha yenyewe au ni sehemu ya mtaa tu.

Quebec wamekwenda njia inayofanana na hiyo. Msichana wa miaka 17 alipigwa picha akiwa ameketi mlangoni mwa jengo jijini Montreal, picha ya heshima kabisa, na jarida la sanaa likaichapa. Kesi ilifika Mahakama Kuu ya Kanada, na mwaka 1998 akashinda fidia ya dola 2,000. Mahakama ilisema uhuru wa msanii haumpi haki ya kuchapisha sura ya mtu anayetambulika, bila ridhaa, pale ambapo yeye ndiye kiini cha picha. Linganisheni na diCorcia. Mtaa ni mtaa na sanaa ni sanaa, lakini hukumu zimekwenda pande mbili.

Hungaria wamefika mbali zaidi. Kanuni yao ya madai iliyoanza kutumika mwaka 2014 inadai ridhaa hata kwa kupiga tu, achilia mbali kuchapisha, isipokuwa picha za umati na za mtu aliyejitokeza kwenye shughuli za umma. Kwa hiyo, mkuu, ile mizani yako miwili ni ya kweli kwa sehemu nyingi lakini si kila mahali. Ukisafiri na kamera, soma kabla hujashuka.

Sasa dada. Katika nchi nyingi, kule kubonyeza kitufe tu mtoto akicheza bustanini si kosa. Kuisambaza ndiko kunakobadilisha hesabu. Uingereza ziko kesi mbili ambazo ningependa kila mzazi azijue. Ya kwanza ilihusu mtoto mdogo wa mwandishi J.K. Rowling, aliyepigwa kwa lenzi ndefu akiwa kwenye kigari chake mtaani Edinburgh mwaka 2004. Mahakama ya chini iliitupa kesi, lakini Mahakama ya Rufaa mwaka 2008 ikasema hapana: mtoto anaweza kuwa na matarajio yake ya faragha, tofauti na ya mzazi maarufu, hata akiwa mtaani. Ya pili ni ya watoto wa mwanamuziki Paul Weller. Walipigwa wakiwa na baba yao California mwaka 2012, tovuti ya gazeti ikazichapisha nyuso zao bila kuzifunika. Wachapishaji walijitetea kwamba picha zilipigwa kihalali kule zilikopigwa. Haikuwasaidia. Mwaka 2015 Mahakama ya Rufaa ilibakisha fidia ya pauni 10,000.

Halafu zipo sheria za ulinzi wa data, ambazo wapiga picha wengi hudhani zinahusu namba za simu tu. Sura inayotambulika ni taarifa binafsi. Kanuni ya Umoja wa Ulaya inayotumika tangu Mei 2018 inaacha pembeni mambo ya nyumbani na ya familia, lakini ukishaiweka picha mahali ambapo dunia nzima inaiona, si jambo la nyumbani tena. Kenya ina sheria ya mwaka 2019, na mwaka 2023 ofisi ya kamishna wa ulinzi wa data ilitoza faini shule moja iliyochapisha picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi, na pia sehemu moja ya starehe iliyoposti sura za wateja wake.

Kwa hiyo, dada, usianze kubishana naye kama alikuwa na haki ya kusimama pale bustanini. Anzia kwenye ule ukurasa. Hifadhi ushahidi wa ile posti pamoja na tarehe na maoni yaliyoandikwa chini yake, mwandikie mwenye ukurasa, uripoti kwenye mtandao wenyewe, na kama nchi yako ina mamlaka ya ulinzi wa data peleka malalamiko huko. Fanya kabla posti haijafutwa.

KalamuNaKamera

Nimekuwa kwenye habari miaka kumi na minne. Naomba niongeze upande wa polisi, maana huko ndiko wengi wetu tunakoumia.

Kesi ambayo kila mpiga picha angepaswa kuijua ni ya Simon Glik. Oktoba 2007 alikuwa anapita kwenye bustani ya Boston Common akaona askari wanamkamata kijana, akahisi wanatumia nguvu kupita kiasi. Akatoa simu akarekodi, akiwa hatua kadhaa kutoka walipo. Wakamkamata yeye pia, kwa sheria ya kurekodi sauti kwa siri, ingawa simu ilikuwa mkononi mwake mbele ya macho yao. Mashtaka hayakusimama. Akawashtaki askari hao na jiji, na mwaka 2011 mahakama ya rufaa ya shirikisho ikasema haki ya raia kuwarekodi maofisa wakiwa kazini hadharani ni haki iliyo wazi. Mwaka 2012 jiji lilimlipa dola 170,000 kumaliza shauri.

Uingereza walikuwa na kifungu cha 44 cha sheria ya ugaidi ya mwaka 2000, kilichowaruhusu askari kumsimamisha na kumpekua mtu bila hata kuwa na shaka naye. Wapiga picha walisimamishwa mno kwa kifungu hicho, hata wa majengo, hata watalii. Januari 2010 mahakama ya haki za binadamu ya Strasbourg ilisema kinakiuka haki ya faragha, katika kesi ambayo mmoja wa walalamikaji alikuwa mwandishi aliyekuwa anakwenda kupiga picha za maandamano. Kifungu kikaondolewa. Na mwongozo wa polisi wa London unasema wazi: askari hana mamlaka ya kufuta picha za kidijitali wakati wa upekuzi, na kufuta kunawezekana tu baada ya kifaa kushikiliwa kihalali na kuwa na mamlaka ya kisheria kama amri ya mahakama.

Kwenye simu nako, Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 2014, kesi ya Riley, iliamua kwamba hata ukishakamatwa polisi wanahitaji hati ya upekuzi kabla ya kufungua kilichomo ndani.

Lakini wenzangu, nawaombeni sana. Haki ya kupiga picha si haki ya kuzuia kazi. Mara nyingi nimeona mwenzetu anakwenda kusimama katikati ya askari na majeruhi, halafu anapokamatwa analia kamera imeonewa. Amekamatwa kwa miguu yake, kamera haina kosa. Rudi nyuma hatua tano, shika kamera ionekane, na ukiambiwa sogea, sogea huku unaendelea kupiga.

Maeneo ya jeshi, viwanja vya ndege, mipaka na mitambo muhimu ni habari nyingine. Huko msijaribu kuonyesha ujuzi wa sheria. Mwaka 2001 wapenzi wa ndege kumi na wanne, Waingereza kumi na wawili na Waholanzi wawili, walikamatwa Ugiriki karibu na kambi ya anga kwa kuangalia ndege na kuandika namba zake. Kwao ni burudani. Wenyeji waliona ujasusi. Walikaa rumande wiki kadhaa, wakatiwa hatiani Aprili 2002, na ni mwezi wa Novemba tu ambapo rufaa iliwasafisha wote. Walikuwa hawana hatia, na bado mwaka mzima wa maisha yao uliliwa.

Lenzi35 (mleta uzi)

Wakili_Mdogo, nimerekebishika na nakushukuru. Hicho kipimo cha mtu aliyetokea pembeni nimekiandika kwenye daftari langu.

Kwenye kufuta niongeze kitu ambacho nilichelewa kukijua. Ukilazimishwa kufuta, picha mara nyingi bado imo kwenye memori kadi, ni jina lake tu limeondolewa kwenye orodha. Acha kupiga papo hapo, toa kadi, na programu za kurejesha mafaili zinaweza kuirudisha. Mimi nilikwenda nikaijaza ile kadi jioni ileile. Na kama picha uliyopiga inaonyesha kosa limetendeka, kufuta ni kupoteza ushahidi, na anayekulazimisha anaweza kuwa ndiye anayetenda kosa.

Halafu wengi wanauliza picha ni ya nani. Hakimiliki ni ya aliyepiga, isipokuwa uwe umeajiriwa au umeiuza kwa mkataba. Aliyepigwa hana hakimiliki hata kama sura ni yake. Ndiyo maana Marekani watu mashuhuri kadhaa wameshtakiwa na paparazi kwa kuposti picha zao wenyewe. Inasikika vibaya, lakini ndiyo hivyo: anayepigwa ana haki juu ya sura, anayepiga ana haki juu ya kazi, na picha moja inabeba zote mbili.

RamaniNaUkuta

Mimi nasoma usanifu majengo na nimekuwa nikipiga majengo ya miji kwa ajili ya kazi zangu. Juzi mtu ameniambia majengo nayo yana hakimiliki. Ni kweli? Jengo liko nje, kila mtu analiona!

Wakili_Mdogo

Ni kweli, mdau. Msanifu ni mtunzi kama mtunzi mwingine. Ndiyo maana nchi nyingi zimeweka kitu kinachoitwa uhuru wa mandhari, yaani ruhusa ya kupiga na kutumia picha za majengo na sanamu zilizowekwa hadharani kwa kudumu. Uingereza unayo kwa majengo na sanamu, ila michoro ya ukutani haimo. Ujerumani unayo hadi kwa michoro, lakini wanasoma maneno ya sheria kwa ukali. Msanii Christo alipolifunika jengo la bunge la Reichstag kwa kitambaa mwaka 1995, kampuni moja ikachapisha kadi za posta. Mahakama yao ikasema mwaka 2002 kwamba kazi ile haikuwekwa kwa kudumu, kwa hiyo uhuru wa mandhari hauihusu. Mwaka uliofuata, kuhusu nyumba ya msanii Hundertwasser iliyoko Vienna, mahakama hiyohiyo ikasema picha iliyopigwa kutoka ghorofani kwenye nyumba ya ng'ambo hailindwi, kwa sababu uhuru huo ni wa anayeona akiwa barabarani.

Ufaransa waliuingiza mwaka 2016 tu, tena kwa watu binafsi na bila biashara. Ndiyo asili ya yale maneno kuhusu mnara wa Eiffel. Mnara wenyewe ni huru, Gustave Eiffel alifariki mwaka 1923. Taa zake za usiku ndizo zinazodaiwa kuwa kazi yenye ulinzi. Picha yako ya likizo haina tatizo, lakini anayetaka kuitumia kibiashara anatakiwa kuomba.

Na Marekani majengo yako huru lakini sanamu haziko. Mpiga picha mmoja alipiga sanamu za askari kwenye kumbukumbu ya vita vya Korea jijini Washington zikiwa zimefunikwa na theluji, shirika la posta likamlipa dola 1,500 na kuitumia kwenye stempu. Mchongaji akashtaki serikali, na baada ya miaka mingi akapewa zaidi ya dola 680,000. Kwa hiyo kwa kazi za darasani usihangaike. Siku utakapouza, angalia nini kimo ndani ya fremu.

Mama_wa_Wawili

Wakili, nakushukuru kutoka moyoni. Nilifanya ulivyosema, ile posti imeondolewa jana usiku.

Ila nimrudie mleta uzi. Kaka, hujanijibu wewe. Wakili kanijibu kisheria. Wewe unayepiga watu mtaani, mtu akikufuata akakuomba uitoe picha yake, na sheria ya unakoishi iko upande wako, unafanyaje?

Lenzi35 (mleta uzi)

Dada, umeuliza swali ambalo nililikwepa kwenye uzi wa kwanza.

Nina picha ya mwanamume aliyelala kituo cha basi asubuhi na mapema, kichwa kimeegemea kioo, mkono umekumbatia mfuko, na mwanga wa jua umemwangukia upande mmoja wa uso. Ni picha bora kuliko zote nilizowahi kupiga. Niliiposti na ikapendwa. Miezi mitatu baadaye msichana akaniandikia: "Huyo ni mjomba wangu. Alikuwa anatoka hospitali usiku huo. Watu wanasema alikuwa amelewa."

Kisheria nilikuwa salama. Nilikuwa mahali pa umma, sikuitumia kwa tangazo, sikuandika uongo wowote chini yake. Lakini nilikumbuka kesi ya mwanamitindo Naomi Campbell, aliyepigwa picha mtaani London akitoka kwenye kikao cha watu wanaopambana na uraibu. Mwaka 2004 majaji watatu kati ya watano walimpa ushindi. Jaji Hale alieleza kwamba picha yake akienda dukani kununua maziwa isingekuwa na siri yoyote ndani yake. Mtaa haukuwa tatizo. Tatizo ni kile ambacho picha ilikuwa inasema kuhusu afya yake. Yangu ilikuwa inasema kitu kuhusu afya ya mtu pia, na ilikuwa inakisema vibaya, na mimi sikuwa hata nimejua.

Niliitoa siku hiyohiyo na nikamwandikia msichana yule kumwomba radhi. Baada ya hapo nilibadilisha namna ninavyofanya kazi. Umati, maandamano, soko, kivuli cha mtu ukutani, napiga bila kuomba na sitaacha, maana tukianza kuomba ruhusa kwa kila mtaa hakutakuwa na kumbukumbu ya jinsi watu walivyoishi. Viongozi na askari wakiwa kazini, napiga bila kuomba. Mtu mmoja ambaye ndiye picha yenyewe, nikishapiga namfuata. Namwonyesha kwenye kioo cha kamera, namwambia ninavyotaka kuitumia. Wengi hucheka na kuniomba niwatumie. Akikataa, naifuta mwenyewe, mbele yake. Mtoto, namtafuta mzazi kwanza kabla sijainua kamera, na mzazi akiwa hayupo sipigi. Aliyelala, aliyeumia, anayelia msibani, siposti.

Yule mjomba naye nilimtafuta kupitia kwa mpwa wake. Nilimchapishia picha moja kwenye karatasi nzuri nikampelekea. Aliitazama kwa muda mrefu, akaniuliza kama naweza kumpa nyingine ya kumpa dada yake. Nikamwuliza kama ninaweza kuirudisha mtandaoni, sasa nikiandika alikuwa ametoka wapi.

Akasema hapana. Haijarudi.

KalamuNaKamera

Mkuu, na lile jengo? Ulirudi?

Lenzi35 (mleta uzi)

Nilirudi mvua iliyofuata. Mlinzi alikuwa yuleyule. Nilimsalimia kabla sijatoa kamera, nikamwonyesha nilipokanyaga kuwa ni barabara, nikamwambia napiga dimbwi na madirisha, siingii ndani. Akampigia msimamizi wake simu. Msimamizi akashuka, akaniuliza picha zinakwenda wapi. Nikamwambia. Akarudi ndani.

Dimbwi lilikuwa dogo kuliko la kwanza. Nimepata picha nne.